Mahame ya Malenga

(Haya ni mazungumzo ya mwandishi wetu mbele ya walimu na watumishi wa umma, yaliyotolewa mjini Itigi, Mkoa wa Singida.)



Nimeombwa nizungumze juu ya nyumba. Si nyumba za watumishi, ingawa najua kwamba hizo ndizo zenye malalamiko mengi zaidi katika kila wilaya niliyopata kufika, bali nyumba walimozaliwa waandishi mashuhuri, ambazo mataifa mengi yamezifanya kuwa makumbusho. Mtu huingia humo, huonyeshwa kitanda, meza na wino uliokauka, kisha hutoka akiamini kwamba amemwona mwandishi. Nataka tuulizane jambo hili latuhusu nini sisi wa Reli ya Kati, ambao nyumba zetu nyingi za kale zilikuwa za miti na udongo.

Nianze na Waingereza kwa ufupi, maana habari zao zimekwisha kusemwa sana. William Shakespeare alizaliwa mwaka 1564 katika mji mdogo wa Stratford. Alikufa 1616. Baada ya hapo nyumba ya baba yake ilipita mikononi mwa watu wengi: upande mmoja ukawa bucha, upande mwingine ukawa kilabu cha pombe. Mwaka 1847 ilipigwa mnada. Zikavuma habari kwamba yuko Mmarekani mwenye maonyesho ya sarakasi aliyetaka kuinunua, aivunje na kuisafirisha kwao. Hapo ndipo wananchi walipozinduka, wakachangishana, wakainunua kwa pauni 3,000. Yaani zilipita zaidi ya miaka 200 tangu kifo chake kabla nchi yake haijaona haja ya kuitunza nyumba yake, na hata hivyo ilikuwa ni hofu ya kunyang'anywa, si mapenzi ya ushairi peke yake. Tena chumba ambacho wageni huambiwa kuwa ndimo alimozaliwa hakina hati yoyote ya kuthibitisha. Ni mapokeo tu. Nayasema haya ili tusijidharau. Hao tunaodhani kuwa ni mabingwa wa kutunza nao walichelewa, nao wameegemea hadithi za wazee.

Wenzetu walimu wa Kiswahili wamjua Shakespeare kwa njia nyingine, kupitia kalamu ya Mwalimu Nyerere, aliyemtafsiri Julius Caesar mwaka 1963 akiwa Rais, na Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Nitamrudia Mwalimu baadaye.

Sasa tuje karibu na kwetu. Hapa tulipo, ndugu zangu, tumo vitabuni tangu zamani. Pori hili zito la Itigi, ambalo wataalamu wa mimea wa dunia nzima walijua kwa jina la mji wetu, lilikuwa sehemu ya nyika ambayo misafara ya karne ya 19 iliiita Mgunda Mkali. Wapagazi waliotoka Ugogo kwenda Unyanyembe walilipita kwa kiu na hofu. Burton alipita mwaka 1857, Stanley akapita 1871, na wote wawili wakaliandika. Wale Wanyamwezi waliobeba mizigo yao vichwani, na ambao bila shaka walikuwa na masimulizi yao wakati wa jioni motoni, hawakuacha kitabu. Hiyo ndiyo tofauti kati ya aliyepita na aliyeandika kwamba amepita.

Ukipanda gari moshi hapa kuelekea magharibi utafika Tabora, na nje kidogo ya Tabora kuna kijiji cha Kwihara. Hapo ipo nyumba ya makumbusho. Ni tembe kubwa la udongo, lililojengwa upya kwa mfano wa lile la kale, na ndimo alimokaa David Livingstone tangu mwezi Februari hadi Agosti mwaka 1872. Stanley alikuwa pamoja naye mpaka katikati ya Machi, kisha akaondoka kwenda pwani akiwa amechukua madaftari ya mzee huyo, na Livingstone akabaki akingojea wapagazi aliotumiwa. Livingstone alikuwa mmisionari na msafiri, lakini jina lake lilienea Ulaya kwa sababu ya vitabu. Kitabu chake cha kwanza cha safari kilitoka mwaka 1857 na kikasomwa mno. Kwa hiyo hatukosei tukisema kwamba Kwihara ni nyumba ya mwandishi, iliyohifadhiwa katika ardhi ya Tanzania.

Huyo huyo ana nyumba nyingine iliyohifadhiwa. Huko Blantyre katika Uskoti, chumba kimoja alimozaliwa mwaka 1813, katika jengo la wafanyakazi wa kiwanda cha pamba, kimekuwa makumbusho tangu mwaka 1929. Alizaliwa katika umaskini. Familia nzima ilijibana katika chumba kimoja, naye akaingia kiwandani angali mtoto wa miaka 10. Waskoti hawakuona haya kukionyesha chumba hicho. Sina ugomvi nao. Jambo ninalotaka mlishike ni jingine, na nitalieleza kwa kirefu maana mimi mwenyewe lilinigusa sana nilipolisoma.

Mwezi Agosti 1872 waliwasili Kwihara watu waliotumwa na Stanley kutoka pwani. Miongoni mwao alikuwamo kijana mmoja aitwaye Jacob Wainwright. Asili yake alikuwa Myao. Alitekwa utumwani akiwa mtoto, akaokolewa baharini, akapelekwa shule ya wamisionari huko Nasik, India, na huko ndiko alikojifunza kusoma na kuandika. Ili kufika Kwihara alifuata njia ya misafara, yaani alilipita pori letu hili. Akaenda na Livingstone kusini mpaka kijiji cha Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia, na huko Livingstone akafa mwezi Mei 1873. Susi, Chuma na wenzao wakaukausha mwili, wakaubeba zaidi ya maili 1,000 mpaka Bagamoyo. Habari hiyo inajulikana na husomeshwa. Lakini husahauliwa kwamba walibeba na karatasi. Wainwright, kwa kuwa alijua kuandika, aliorodhesha vitu vyote vya marehemu, akasoma sala ya maziko, akachonga jina na tarehe katika mti. Wala hakuishia hapo: aliandika shajara yake mwenyewe ya safari ile.

Madaftari ya Livingstone yalifika London, yakachapishwa mwaka 1874, na Waafrika wale wawili, Susi na Chuma, waliitwa Uingereza kumsaidia mhariri kuelewa yaliyoandikwa. Bila wao kitabu kile kisingekuwapo. Na Wainwright je? Shajara yake ilitolewa kwa Kijerumani mwaka ule ule wa 1874, kisha ikasahauliwa. Yeye mwenyewe alirudi Afrika, na akafa Urambo mwaka 1892. Urambo, ndugu zangu, hapo magharibi ya Tabora, katika reli hii hii ya kwetu. Maandishi aliyoandika kwa mkono wake yako wapi leo? Yamo Blantyre, katika nyumba alimozaliwa Livingstone. Ni mwaka 2019 tu ndipo yalipotolewa wazi ili kila mtu aweze kuyasoma.

Nadhani mmeona ninakoelekea. Mwandishi wetu amehifadhiwa ndani ya nyumba ya mwandishi mwingine. Nasema mwandishi wetu kwa makusudi, ijapokuwa hakuwa mzaliwa wa huku, maana mifupa yake iko huku. Na sisemi kwamba Waskoti wameiba. Karatasi ile kama ingalibaki Urambo mwaka 1892, nani hapa angeweza kuapa kwamba mchwa wasingeila? Yatupasa tuyaseme hayo kwa uaminifu kabla hatujaanza kudai.

Wako watakaosema kwamba sisi hatuna nyumba za waandishi kwa sababu wakoloni hawakutujali. Hiyo ni nusu ya ukweli. Nusu ya pili imo katika ujenzi wetu wenyewe. Tembe la Kigogo, la Kinyaturu au la Kikimbu ni kazi ya akili. Paa lake la udongo huzuia jua kali, na zizi limo ndani ya ua ili mifugo isiibwe. Walakini halikujengwa ili lidumu karne tatu. Lilijengwa ili lidumu maisha ya mwenye nyumba, na mwenyewe akifa au ardhi ikichoka watu huhama, na pale walipohama hubaki mahame. Nguzo huliwa na mchwa, paa huporomoka, baada ya masika machache utaona kichuguu na mti wa mwenye mji. Kisha ikaja Operesheni Dodoma ya miaka ya 1970 na 1971, na baadaye operesheni za vijiji nchi nzima hadi 1976, ambapo mamilioni ya watu walihamia vijiji vipya. Faida za vijiji tunazijua: shule nyingi mnazofundisha zilianzia hapo, na visima na zahanati pia. Lakini nani aliyekuwa na wakati, katika pilikapilika zile, wa kuchora alama kwamba hapa lilikuwapo tembe alimozaliwa fulani? Hapana.

Sheria nayo yapaswa kujulikana na watumishi, maana ninyi ndio mtakaoulizwa. Sheria yetu ya Mambo ya Kale ni ya mwaka 1964, na ilirekebishwa mwaka 1979. Kwa mujibu wake, jengo lililojengwa kabla ya mwaka 1863 hulindwa bila mtu kuomba. Lililojengwa baada ya hapo halina ulinzi huo mpaka Waziri alitangaze katika Gazeti la Serikali. Sasa hesabuni wenyewe. Shaaban Robert alizaliwa 1909. Mathias Mnyampala alizaliwa 1917. Mwalimu Nyerere alizaliwa 1922. Hakuna hata mmoja wa waandishi wakubwa wa Kiswahili cha karne ya 20 ambaye nyumba yake ya kuzaliwa ingeweza kulindwa na sheria kwa umri wake peke yake. Kila moja yataka mtu aandike barua, aambatanishe ushahidi, aipitishe katika ngazi zake, na aifuatilie. Ninyi mwajua vema kuliko mimi yanayoipata barua isiyofuatiliwa.

Nimemtaja Mnyampala. Nitakaa naye kidogo, maana yeye ni jirani yetu na naona tumemsahau kwa kasi isiyo na sababu.

Mathias Mnyampala alizaliwa Ihumwa, mashariki ya mji wa Dodoma. Alikuwa mwalimu, akawa karani, akawa liwali, akawa hakimu. Yaani alikuwa kila kitu ambacho kimo ndani ya ukumbi huu. Hakuwa mtu wa pwani. Kiswahili hakikuwa lugha aliyonyonya, aliinyonya Kigogo. Hata hivyo alijifunza ushairi wa vina na mizani mpaka akawa miongoni mwa wachache wa bara waliokaa baraza moja na malenga wa mwambao bila kuona haya, na akawa kiongozi katika UKUTA, chama cha usanifu wa Kiswahili na ushairi. Mwaka 1954 alitoa kitabu juu ya historia, mila na desturi za Wagogo. Diwani yake ilitoka 1963. Na baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, washairi walipotakiwa walieleze Azimio kwa lugha ambayo mkulima ataielewa, Mnyampala ndiye aliyebuni ngonjera: ushairi wa kujibizana, ambamo mjinga huuliza na mwenye hekima humjibu, hatua kwa hatua, mpaka yule wa kwanza akakubali.

Ndugu walimu, hakuna shule hapa Itigi ambayo haijapata kusimamisha watoto mbele ya mgeni rasmi ili waghani ngonjera. Imekuwa kama wimbo wa Taifa: tukifungua kisima, ngonjera, tukipokea madawati, ngonjera. Mara nyingine, niseme kweli, huwa mbaya, imeandikwa usiku mmoja na vina vimelazimishwa kama punda mtoni. Lakini sanaa hiyo haikushuka kutoka mbinguni, wala haikuletwa na meli. Ilitungwa na hakimu wa Kigogo aliyezaliwa umbali wa safari ya siku moja kwa gari moshi kutoka hapa. Alikufa mwaka 1969, akiwa na miaka 51, hata kabla Ngonjera za UKUTA hazijatoka kitabuni, maana kitabu cha kwanza kilichapishwa 1970 na cha pili 1971. Ni walimu wangapi kati yetu waliopata kuwapeleka wanafunzi Ihumwa kwa ajili yake?

Na Ihumwa ya leo si ile ya 1917. Tangu Serikali ilipotangaza kuhamia Dodoma mwaka 2016, na Mji wa Serikali ukajengwa Mtumba kandokando yake, thamani ya kila hatua ya ardhi ya upande ule imepanda. Barabara zinapasuliwa, viwanja vinapimwa, magorofa yanainuka. Mimi nayafurahia maendeleo hayo. Lakini mpima ardhi hufuata ramani aliyopewa, na jambo lisiloandikwa katika ramani yake si kosa lake kulipitia na buldoza. Kama kuna mahame ya malenga ambayo yataka kutambuliwa mapema, ni yale. Ya Machui yaweza kungoja kidogo, ya Ihumwa hayawezi.

Machui ni huko Tanga, kusini ya mji, karibu na Vibambani alikozaliwa Shaaban Robert, na ndiko alikozikwa mwaka 1962. Juu ya Shaaban sina haja ya kuwaeleza walimu. Naye pia alikuwa mtumishi wa umma: alianza ukarani wa forodha mwaka 1926, akafanya kazi katika idara ya wanyama, katika ofisi ya wilaya Tanga, na mwisho katika ofisi ya upimaji ardhi. Kusadikika ilichapishwa 1951, wakati mwandishi wake alikuwa akiketi ofisini mwa serikali ya kikoloni na kuandika, kwa mafumbo ambayo wakubwa wake hawakuyafumbua, juu ya nchi inayowafunga watu kwa kosa la kuona mbali. Jina lake limepewa shule na barabara. Makumbusho ya Taifa yenyewe, pale Dar es Salaam, yako katika Barabara ya Shaaban Robert, na barua yoyote inayokwenda huko hupitia kwanza jina la mshairi.

Lakini nyumba yake ya kweli, kwa maoni yangu, ilikuwa sanduku la ndugu yake. Tangu 1931 hadi 1958 Shaaban alimwandikia barua mdogo wake, Yusuf Ulenge. Alimwandikia juu ya fedha, juu ya watoto, juu ya misiba, juu ya wachapishaji waliomchelewesha. Ndugu huyo hakuzitupa. Alizitunza miaka mingi, na mwaka 2002, miaka 40 baada ya kifo cha mshairi, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilizitoa kitabuni. Msomaji wa barua zile humwona Shaaban akiwa amekaa, amechoka, ana madeni, anatania. Kitanda cha makumbusho hakiwezi kumwambia hivyo. Na habari ya Mnyampala yafanana na hiyo: maisha yake aliyoyaandika mwenyewe, Maisha ni Kugharimia, yalichapishwa 2013, miaka 44 baada ya kufa kwake, na mtu aliyejitolea kuyashughulikia alikuwa mtafiti wa Kifaransa aliyekuwa akitafuta shahada ya udaktari mjini Paris. Tumshukuru. Tujiulize pia kwa nini haikuwa Dodoma.

Sasa najua swali lililomo vinywani mwenu, maana lingekuwa langu kama ningekuwa mwalimu mkuu. Shule haina vitabu vya kutosha, vyoo vimejaa, halafu mtu anakuja kutoka Dar es Salaam kusema tujenge nyumba za wafu. Swali hilo ni la haki, na sitalijibu kwa maneno matamu ya urithi wa Taifa. Jibu langu ni kwamba kuna nyumba za bei kubwa na nyumba za bei ndogo. Mwaka 1966 Makumbusho ya Taifa yalianzisha Kijiji cha Makumbusho pale Dar es Salaam, ambako zilijengwa nyumba za makabila mbalimbali kwa ufundi wa makabila hayo, na nyumba ikichakaa huezekwa na kukandikwa tena. Hiyo ndiyo akili ya udongo. Nyumba ya udongo haihifadhiwi kwa kuifungia ndani ya kioo, yahifadhiwa kwa kuwapo mtu ajuaye kuikandika. Tembe la Kwihara ni ushahidi wa pili. Kama tuliweza kulijenga upya tembe la mgeni aliyekaa miezi 6, hatuwezi kusema kwamba ufundi haupo.

Wala tusidhani kwamba fedha ndiyo inayoamua nyumba ipi itunzwe. Mara nyingi ni kelele. Nairobi kuna nyumba ya Karen Blixen, mwandishi wa Kidenmaki aliyelima kahawa huko na kuikalia tangu 1917 hadi 1931. Serikali ya Denmark iliikabidhi kwa Kenya wakati wa uhuru, lakini ilifunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1986, na sababu yake kila mtu anaijua: mwaka uliotangulia ilitoka sinema ya Marekani juu ya maisha yake. Umbali usio mkubwa kutoka hapo ni Kamiriithu, Limuru, alikokulia Ngũgĩ wa Thiong'o. Huko wanakijiji walijenga wenyewe jukwaa la michezo ya kuigiza kwa mikono yao, wakaigiza kwa Kikuyu mwaka 1977. Mchezo ukapigwa marufuku, mwandishi akatiwa kizuizini mwisho wa mwaka ule ule, na mwaka 1982 jukwaa lenyewe likabomolewa na dola. Ngũgĩ alifariki mwaka 2025, mbali na Limuru. Hivyo katika eneo moja la nchi jirani, nyumba ya mlowezi ilitengenezwa na jukwaa la mwenye nchi likavunjwa, ndani ya miaka 4. Msinitake nieleze zaidi.

Kwetu Butiama mambo yamekwenda vizuri zaidi. Makumbusho ya Mwalimu yalifunguliwa mwaka 1999, mwaka ule ule tuliompoteza, na mwaka 2004 Bunge likatunga sheria ya kuwaenzi waasisi wa Taifa, ambayo yahimiza kutunza vitu na maandishi yao. Makazi ya familia yake yaitwa Mwitongo, na katika lugha nyingi za bara neno itongo lina maana ya mahame ya wazee. Jina hilo lanipendeza. Halisemi ikulu, halisemi kasri. Wageni waendao Butiama hutazama kaburi, mavazi na zawadi za marais wenzake, na ni haki yao. Mimi nawaomba walimu wakifika huko waulizie vitabu. Mtu aliyetafsiri Shakespeare akiwa Ikulu, na ambaye mwaka 1996, akiwa mstaafu, alizitoa Injili kwa utenzi wa Kiswahili, alikuwa mwandishi katika maana kamili ya neno. Kumwonyesha mtoto fimbo yake bila kumwonyesha kalamu yake ni kumwonyesha nusu ya mtu.

Sasa kazi tuliyo nayo hapa. Sikuja kuwaambia Itigi ijenge makumbusho. Nimekuja na ombi dogo, na lahusu masanduku. Katika wilaya hii wako walimu wastaafu walioanza kazi kabla ya uhuru au mara baada yake. Wengi wao waliandika. Wapo walioandika habari za Wakimbu na watemi wao, wapo waliotunga ngonjera za miaka ya 1970 zilizoghaniwa mara moja zikaisha, wapo walioweka kumbukumbu za kuhamia vijijini siku kwa siku katika daftari la shule. Madaftari hayo yako chini ya vitanda na juu ya dari. Mzee akifariki, wajukuu huyatumia kuwashia jiko. Sizui, nimepata kuona mwenyewe kurasa za namna hiyo zikifungia karanga sokoni, si hapa, na muuzaji hakuwa na kosa lolote.

Kwa hiyo naomba kila shule iteue mwalimu mmoja. Afike kwa wazee hao kwa adabu, pamoja na mtu wa ukoo, wala asichukue kitu. Aulize kama yapo maandishi, ayapige picha kwa simu yake ukurasa kwa ukurasa, aandike jina la mzee, kijiji, na mwaka kama unajulikana, kisha amrudishie papo hapo. Mzee akikubali aulizwe pia nyumba aliyozaliwa ilikuwa wapi, na mti upi umebaki. Nakala moja ibaki shuleni, nyingine iende kwa Afisa Utamaduni wa Halmashauri, na ya tatu ipelekwe katika Idara ya Nyaraka, ambayo ina ofisi na wataalamu wa kazi hiyo. Wale wa utawala mlioketi mbele mnisaidie jambo moja: mwalimu huyo apewe barua ya utambulisho yenye mhuri, maana mtu anayezunguka vijijini akiuliza karatasi za zamani na mahali pa nyumba za kale hudhaniwa mara moja kuwa anatafuta ardhi.

Nami nitakuwapo mjini hapa hadi kesho saa nne. Kama yuko mwenye ngonjera za zamani zilizoandikwa kwa mkono, au ajuaye nani anazo, anione baada ya kikao hiki, tuzisome pamoja.